Kipakatalishi cha Mama Shiru Kilivyoshikwa na Homa

Pipeline, Embakasi,
Nairobi.

Mamangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Itikia kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, ili Mjomba Righa aliyesimama nyuma ya mlango ajue barua imefika na si yake. Goti lako linasemaje siku hizi? Bado linakataa kile kilima cha kwenda kanisani, au linakataa tu zile Jumapili ambazo mahubiri huwa marefu? Na baridi ya Mgange imepungua, au bado mnaota moto mpaka jua likiwa utosini? Mimi ni mzima kabisa. Mashavu yameongezeka, sauti imekuwa nzito, na ukiniona sasa utauliza huyu ni bwana wa wapi aliyepotea njia. Usiulize watu habari zangu. Niulize mimi.

Naandika kwa mkono kama babu zetu kwa sababu ile simu yako siiamini. Ni yako kwa jina tu, inalala mfukoni mwa Mjomba. Nikipiga anapokea yeye. Nikituma ujumbe anakusomea yeye, tena anakusomea yale anayoyapenda. Juzi juzi nilimwambia, "Mjomba, hapa kazini nimechoma kidogo, laptop ya mwenye duka inachemka." Huku mtu akisema nimechoma, maana yake ameharibu mambo, ameaibika, basi. Hakuna moto wala kiberiti. Kabla ya juma kwisha, Wakio ananiandikia akiuliza kama ni kweli nimeteketeza duka la watu Komarock na kwamba ninatafutwa. Dada yangu wa tumbo moja. Akaongeza, "Ukikimbia usije huku, utatuletea shida."

Kwa hiyo Mama, keti, nyosha hilo goti, nikupe habari kutoka kwa mwenyewe, kabla haijapita kwenye mdomo wa Mjomba ikaongezwa chumvi.

Unajua ninafanya kazi kwa Mama Shiru, yule mama wa Murang'a mwenye duka dogo hapo Komarock. Tunapiga chapa, tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunawajazia watu maombi ya serikali kwa intaneti. Duka ni lake, lakini tusidanganyane, linasimama juu ya vidole vyangu hivi kumi ulivyovizaa wewe. Kazi yote inafanyiwa kwenye laptop moja, ile niliyokuambia kwamba mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akiiita kipakatalishi kwa sababu inapakatwa mapajani kama mtoto. Ulicheka siku hiyo, ukaniuliza kama inanyonya.

Sasa Mama Shiru amekodi chumba kingine huko mtaa wa Fedha, afungue duka la pili. Siku moja akimenya chungwa, bila hata kuniangalia, alisema mimi ndiye nitakayeshika funguo za huko. Mimi Mwadime, na duka langu la kufungua asubuhi na kufunga jioni, bila mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi. Nilitembea mpaka Pipeline siku hiyo kama nimevaa tai. Hilo liweke kichwani unaposoma mengine yote, Mama: ni hizo funguo nilizokuwa nusura nizikose.

Mambo yalianza na laptop yenyewe. Kila asubuhi ukiiwasha inakuambia kuna mfumo mpya, ni bure, ni mzuri, ni salama, bonyeza hapa. Ukikataa inasema sawa, nitakukumbusha kesho, na kesho inakukumbusha kweli. Mama Shiru hakutaka hata kuiona ikisema hivyo. Aliniambia kitu cha bure hakibembelezi mtu, na kama kinabembeleza basi kina mwenyewe, niwachane nacho. Mimi nikaona huo ni woga wa watu wa zamani. Siku aliyokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, nikabonyeza.

Ikazunguka, ikazunguka, ikajizima na kujiwasha kama mtu anayeota vibaya. Ilipofunguka ilikuwa maridadi, vitufe vimehamia katikati, rangi kama kadi ya harusi. Mama Shiru aliporudi akatafuta kitufe chake cha pembeni, na kidole kikabaki hewani. Nikamwambia nimeifanya mpya. Hakusema asante. Alinitazama vile unavyomtazama jirani anayekurudishia sufuria ikiwa safi kuliko ulivyomwazima.

Juma lililofuata homa ikaingia. Feni ya ndani ikaanza kunguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na upande wa chini ukawa wa moto hata ungeweza kunyoosha kola ya shati. Ukiandika herufi, inangoja kwanza ifikirie. Halafu ikaanza kujizima yenyewe. Siku moja tunaandika wasifu wa marehemu, mzee wa heshima zake, watoto wake wamenizunguka na bahasha ya picha. Nimefika pale pa kusema ameacha nani na nani, skrini ikawa nyeusi. Mtoto mkubwa akasema polepole, "Hata hapa amekata roho." Wenzake wakashindwa kujua kama walie au wacheke. Mama Shiru hakushindwa. Alishika mgongo wa ile mashine, akautoa mkono haraka akaupuliza.

Familia ilipoondoka aliniita nyuma ya pazia tunapopigia picha. "Mwadime, mimi si mtu wa kelele," alisema. "Nakupatia mpaka siku ya kufungua Fedha. Kama hii kitu bado inachemka, funguo nitapatia mwingine, na wewe utafute pahali pengine pa kubonyeza vitu vya watu."

Mama, unanijua. Nikiambiwa hivyo sikai nikalia, natafuta mchawi.

Wa kwanza kumshuku alikuwa ule mfumo mpya wenyewe. Nilijiambia hawa watu wa ng'ambo hawawezi kutupa kitu cha bure hivi hivi, lazima kuna jicho wameweka ndani, na jicho hilo ndilo linalotoka jasho. Nikabandika plasta kwenye kamera. Haikusaidia, ila wateja waliokuja kupiga simu za video wakawa wanaonekana kama watu walio chini ya blanketi. Halafu nikamkumbuka kijana mmoja mchungaji, miwani mieusi hata ndani ya nyumba, aliyekuja na flash yake, kile kijiti cha kubebea mafaili, kuchapisha matangazo ya mkutano wa uponyaji. Mtu anayeponya watu anaogopa jua kwa nini? Nikapitisha dawa ya virusi kwenye mashine yote. Ikasema haina kitu. Nikaishuku hata hiyo dawa.

Ndipo nikafungua ule ukurasa unaoonyesha kila programu inakula nguvu kiasi gani. Sijafundishwa na mtu, nilijifunza kwa macho yangu. Nikakuta moja imejikalia pale inakula karibu nguvu zote, na jina lake refu la Kiingereza kama la kampuni ya kuzika watu. Nikaiua. Ikafufuka. Nikauliza intaneti kwa simu yangu, wakasema mfumo ukiwa mpya huanza kupanga upya mafaili yote, kama mke mgeni anayehamisha vyombo jikoni kwa mama mkwe. Mwache amalize, atatulia. Wakasema pia niweke programu mpya ya kuongoza feni kutoka kwa waliotengeneza mashine, nipunguze nguvu kidogo kwenye mipangilio, nisafishe vumbi, niiweke juu ya kitu kigumu ipate hewa. Hiyo ya mwisho nilipita nayo mbio. Laptop iko juu ya meza, nikasema, na meza ni mbao, wanataka ugumu gani tena?

Nikamwomba Mama Shiru nikalale nayo Pipeline wikendi nzima, nikaifungua tumbo. Ndani nilitoa vumbi la kutosha kupanda mchicha, pini moja ya karatasi, na punje mbili za mchele.

Mchele, Mama. Hebu fikiria na wewe. Mimi chakula changu cha mchana ni chapati na maharagwe. Mama Shiru ni githeri yake ya mahindi na maharagwe kila siku ya Mungu. Sasa hapo dukani ni nani anayekula mchele?

Ni Yusuf. Yusuf ni huyu ninayekaa naye chumba kimoja. Wazazi wake walitoka Garissa lakini yeye amezaliwa hapa hapa Nairobi, na anakula pilau kama wewe unavyokunywa maji. Anauza vifuniko vya simu na chaja kwenye meza ndogo, na meza hiyo ilikuwa kwenye baraza ya Mama Shiru kwa sababu mimi ndiye niliyemwombea nafasi. Tena, na hapa sikiliza vizuri, siku zile zile za mfumo mpya, chaja ya laptop ilikatika waya, na Yusuf akatuletea nyingine. Aliapa, "Wallahi hii ni orijino." Mtu mwenye kitu cha kweli anaapa kwa nini?

Utaniuliza, na hiyo wikendi Pipeline mashine ilikuwaje? Ilikuwa baridi kama kisima cha Nyanya. Niliiweka juu ya ile meza yetu ya chuma, nikaweka programu ya feni, nikaacha yule mke mgeni apange vyombo vyake akamaliza, na ilikaa kimya mchana kutwa. Na chaja ilikuwa ile ile ya Yusuf. Mtu mwingine angesema basi chaja haina makosa. Mimi nikasema hapana, imetulia kwa sababu Yusuf yuko hapa chumbani na anajua namwangalia. Jumatatu tukairudisha Komarock, na kabla ya chai ya asubuhi inanguruma tena. Nikapata ushahidi wangu. Nikamwendea Mama Shiru na chaja mkono mmoja na zile punje mbili kwenye karatasi mkono wa pili, nikamweleza yote.

Yeye hakutaka maneno mengi. Alitoka barazani akamwambia Yusuf atafute mahali pengine pa kuweka meza. Yusuf alikunja mwavuli wa meza yake, akapanga vifuniko vyake kimoja kimoja kwenye sanduku, mimi nikajifanya ninaweka karatasi kwenye printa ambayo tayari ilikuwa imejaa. Akapita mlangoni akasimama.

"Dime, umenichomea."

Usidhani nilimchomea dirisha la chuma kama fundi wa jua kali. Huku kumchomea mtu ni kumsemea kwa mkubwa wake. Alisema hivyo tu, akabeba meza kichwani.

Chumba chetu ni kimoja, vitanda viwili na jiko la gesi katikati. Nilipofika jioni nilikuta amefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika shuka. Jiko lilikuwa upande wake. Nikasema sawa, hata mimi nina mikono, nikanunua mkate. Meza yake akaiweka chini ya gorofa yetu hapo Pipeline, ambapo kila mlango una mtu anayeuza chaja, na anayepita anazo mbili nyumbani.

Sasa Mama, mchawi amefukuzwa, chaja nyingine imenunuliwa mjini dukani kabisa. Unadhani homa ilipona? Ilizidi. Nikaanza kuogopa hasa, maana siku ya Fedha ilikuwa inakaribia na Mama Shiru ameanza kunihesabia kwa macho. Nikawaza usiku na mchana, aliyebaki ni nani? Ndani ya duka tunabaki wawili, mimi na yeye. Na mchawi si mimi.

Ndiyo, nilimshuku mwenye mali yake mwenyewe. Nilijiambia labda alijuta kuniahidi zile funguo, hajui atalirudishaje neno lake, basi anaiharibu mashine kisirisiri ili nionekane mimi ndiye nisiyefaa. Watu wamefanya mabaya zaidi kwa madogo zaidi. Asubuhi moja nikatoka mapema, nikakaa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, nyuma ya nguzo, nikaagiza mandazi nikamvizia.

Alifungua. Akasimama kidogo akaomba. Akafagia, akapangusa meza. Halafu akafungua droo akatoa kitu cha sufu, kijani na cheupe, pindo lake kama meno ya msumeno. Akakikunja mara nne, akakitandaza mezani. Akailaza laptop juu yake taratibu, kisha akazichukua zile pembe akazipandisha kila upande, akazibana vizuri kote kote mpaka pakabaki skrini na pale pa kuandikia tu, kama uso wa mtoto. Akaipapasa mgongoni. Nikamwona midomo inasema kitu.

Nililiweka chini andazi langu. Ule ni mkono wako, Mama. Pindo lile ningelijua hata gizani, nimefunikwa nalo utoto wangu wote.

Unakumbuka mzigo ulionitumia na basi, maharagwe na parachichi, na juu yake ile shali? Uliniambia ni zawadi ya mama mwenye duka, nimwambie kwamba kitu cha kupakatwa hakilazwi kwenye mbao tupu. Nilimfikishia salamu zako neno kwa neno, tukacheka wote wawili. Kumbe mimi nilicheka, yeye alishika. Na mzigo huo ulifika juma lile lile la mfumo mpya. Tangu hapo ile shali nimekuwa nikiiona kila siku chini ya pua yangu. Lakini kwa Mama Shiru kila kitu kina kitambaa: redio ina kitambaa, printa ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa chenye shanga. Nilidhani ni mambo ya vumbi. Macho yangu yalikuwa yanatafuta mwizi, hayakuwa yanatafuta sufu.

Laptop inapumulia chini na ubavuni, Mama. Matundu yake yako huko. Ule mfumo mpya ulikuwa unaifanyisha kazi nyingi kuliko ilivyozoea, kwa hiyo homa kidogo ilikuwepo kweli. Na Mama Shiru, kila alivyoona joto limezidi, ndivyo alivyozidi kuifunika, maana hata kwao mtoto mwenye homa anafunikwa.

Kwa hiyo mshukiwa wangu wa mwisho alikuwa wewe. Nimezunguka Nairobi nzima nikitafuta adui, kumbe ametumwa na basi kutoka Mgange pamoja na parachichi.

Ningeweza kumwambia pale pale. Sikumwambia. Nilijua nikitaja shali nitataja mengine yote: kwamba chaja ilikuwa nzima, kwamba punje za mchele hazina kosa, kwamba nimefukuza mtu bure, na kwamba nilibonyeza nilichokatazwa. Nikamwambia tu, "Mama Shiru, hii shali imeshika wino, nipe nikaifue." Akanipa. Siku hiyo laptop ikakaa mezani mbavu wazi, na kwa kuwa lile la kupanga mafaili lilikuwa limekwisha na feni imepata mwongozo wake, haikunguruma hata mara moja. Siku ya pili vile vile. Tukamaliza wasifu wa mzee mwingine mpaka wajukuu wote.

Mama Shiru aliigusa mgongoni kwa nyuma ya kiganja, kama unavyompima mtoto joto. Akasema, "Kumbe ni kweli ni yule kijana, ubaya wake umechelewa tu kutoka." Akaingiza mkono kwenye mkoba akaweka funguo za Fedha mbele yangu.

Nilizichukua. Sikufichi. Nilizitia mfukoni na nikatembea nazo mpaka Pipeline, zikilia kila hatua, na kwa mara ya kwanza nilitamani zinyamaze.

Yusuf alikuwa upande wake wa shuka. Nikakaa kitandani kwangu na mkate wangu. Baadaye nikaona mkono unapita chini ya shuka, ukasukuma kikombe cha chai upande wangu, ukarudi. Nikakitazama kile kikombe. Mtu uliyemchomea akikupa chai, wewe utafanya nini? Nikamwaga kidogo kwenye kifuniko, nikampa paka wa jirani. Paka akanywa, akajilamba, akalala. Nikangoja aamke. Aliamka, akanitazama akidai nyingine. Nilipoinywa ilikuwa imepoa kabisa, na sukari ilikuwa ile yangu, nyingi, ile ambayo Yusuf kila siku ananicheka kwamba nitang'oka meno. Nikashindwa kumaliza mkate.

Asubuhi niliziweka funguo mezani mbele ya Mama Shiru, nikamweleza tangu kubonyeza. Nilipofika kwa shali, sauti ilipungua. Yeye aliangalia baraza pale palipokuwa na mwavuli.

"Kwa hivyo Yusuf nilimfukuza kwa sababu ya mchele," alisema.

"Punje mbili," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilidhani atanitoa kwa ufagio. Akachukua simu akampigia Yusuf, akamwomba msamaha kwa jina lake na la baba yake, akamwambia arudi, na akija aje na hiyo pilau. Kisha akanigeukia. Nitakuandikia maneno yake yalivyokuwa, kwa maana bado yananiwasha:

"Mwadime, kompyuta unaijua, sijakataa. Lakini mtu anayeshuku kila mtu, wateja watamkimbia. Na mtu asiyeshuku mtu, kama Yusuf, kwake wataniibia. Fedha mtaenda wawili."

Alinunua makufuli mawili, Mama. Mlango wa chuma wa Fedha una makufuli mawili sasa, juu na chini. La juu ufunguo wake ninao mimi, la chini ufunguo wake anao Yusuf. Hakuna anayefungua bila mwenzake, hakuna anayefunga bila mwenzake. Mimi upande wa kuandika na kuchapisha, yeye upande wa simu na chaja. Nilimwuliza Mama Shiru kama haoni ni usumbufu. Akasema ndiyo, anaona.

Kuhusu shali yako usiwe na wasiwasi wala usinune. Nilimrudishia ikiwa imefuliwa na kukauka, na sasa anajitandikia mwenyewe mapajani asubuhi Komarock ikiwa na ukungu. Anasema tangu aanze hivyo hata magoti yake yamepata nafuu, na kwamba mwanamke anayefuma hivyo hawezi kuwa amezaa mtoto mbaya, ni mtoto tu hajafumwa akaisha. Sikujua nishukuru au nikasirike. Lakini tafadhali usitume nyingine ya Fedha. Ukitaka kutuma kitu, tuma parachichi.

Leo ndiyo siku ya kwanza tumefungua, na ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia, kwa sababu wateja bado hawajatujua. Nilifika kabla ya Yusuf. Nikafungua kufuli langu la juu, nikakaa kwenye ngazi nikingoja. Alikuwepo mama mmoja na mtoto wake wa shule wakitaka picha za pasipoti, wananitazama kama ninawazuia makusudi. Yusuf alikuja anatembea polepole, ile ya mtu asiye na haraka na aliyekuona kutoka mbali. Alisimama mbele ya mlango. Akaangalia kufuli langu lililo wazi.

"Funga tena hilo la juu," akasema.

Nikamwuliza kwa nini, wakati ndio tunafungua.

"Sikuona ukifungua. Funga, nione ukifungua."

Nilitaka kumjibu, Mama, jibu lilikuwa limeshafika mdomoni na lilikuwa tamu. Nikamtazama yule mtoto wa shule aliyevaa sare safi kwa ajili ya picha. Nikasimama nikafunga. Nikafungua tena, polepole, yeye akitazama mkono wangu. Kisha akainama akafungua la chini, mimi nikitazama mkono wake. Tukausukuma mlango pamoja, kila mtu upande wake, na mama yule akaingia kwanza akisema vijana wa siku hizi.

Msalimie Nyanya, umwambie sijasahau wimbo wake, ila sina pa kuuimba bila majirani kugonga ukuta. Msalimie Wakio, dada yangu mwenye imani nami, umwambie duka halikuungua, na akitaka picha za shule aje nimpige bure, atabaki akilipa nauli. Msalimie mwalimu wetu wa Kiswahili, umwambie neno lake limeniponza lakini bado ni neno zuri. Na Mjomba Righa, kwa kuwa amesoma barua hii kabla yako, tayari ameshajisalimia.

Mwanao mwenye ufunguo mmoja kati ya mbili,

Mwadime.